Kuitazama Wrexham Kabla ya Kuifikia

Mpenzi wa kandanda akikosa kuitazama mechi kwa wakati wake, jambo la kwanza analofanya ni kujikinga na habari: anazima simu, anawakwepa rafiki zake, na anamwomba kila anayekutana naye asimwambie matokeo mpaka atakapopata nafasi ya kuketi mbele ya runinga. Mimi pia niliishi kwa kanuni hiyo kwa muda mrefu, nikiamini kwamba mechi ambayo matokeo yake yanajulikana haina tena ladha. Imani hiyo iliondolewa na kipindi kimoja cha runinga, Welcome to Wrexham, kinachosimulia maisha ya klabu ya Wrexham, kaskazini mwa Wales, tangu ilipochukuliwa na waigizaji wawili, Ryan Reynolds na Rob McElhenney. Kwa kuwa sasa mimi na kaka yangu tunajiandaa kwenda kuitazama timu hiyo ikicheza nyumbani, nimeona niyaandike yale ambayo kipindi hicho kimenifunza kuhusu utazamaji, pamoja na yale ambayo maandalizi ya safari yameanza kunifunza kabla hata hatujaondoka.

Kipindi hiki kina tabia moja ambayo mwanzoni niliihesabu kuwa kasoro. Msimu wake wa kwanza ulianza kuonyeshwa Agosti 2022, ilhali mechi nyingi zilizosimuliwa humo zilikuwa za msimu wa 2021–22, uliokuwa umekwisha miezi kadhaa kabla. Wakati huo Wrexham ilikuwa katika National League, yaani daraja la tano la kandanda ya Uingereza, na yeyote aliyetaka kujua kilichotokea angekipata kwenye intaneti kwa muda mfupi sana. Mimi nilikwisha kukijua. Nilijua kwamba tarehe 28 Mei 2022 timu hiyo ilifungwa nyumbani na Grimsby Town mabao 5–4, baada ya muda wa ziada, katika nusu fainali ya mchujo wa kupanda daraja. Kwa hiyo kila ilipofika sehemu yenye matumaini, nilikuwa nawatazama watu wanaoelekea kwenye huzuni ambayo wao hawakuwa na habari nayo na mimi nilikuwa nayo mkononi.

Hapo ndipo utazamaji wangu ulipobadilika. Macho yaliyozoea kuufuata mpira yalikosa kazi, kwa sababu hapakuwa na lolote la kusubiri kwenye ubao wa matokeo, nayo yakaanza kuwafuata watu. Nikaanza kumwona kocha Phil Parkinson akitafuta maneno ya kuwaambia wachezaji wakati wa mapumziko; nikaanza kuwaona mashabiki wazee ambao hawashangilii bao mpaka wamemtazama kwanza mshika kibendera; nikaanza kuusikia ukimya wa uwanja mzima, ambao katika mechi ya kawaida huwa siusikii kwa kuwa nami ninakuwa nimeshikwa na hofu ileile. Kujua matokeo kuliniondolea hofu, na hofu ilipoondoka ikaacha nafasi ambayo ilijazwa na mambo mengine mengi.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni mechi ya tarehe 10 Aprili 2023 dhidi ya Notts County. Timu hizo mbili ziliingia uwanjani zikiwa na pointi 100 kila moja, katika ligi ambayo bingwa peke yake ndiye anayepanda daraja moja kwa moja, na anayeshika nafasi ya pili, hata awe na pointi nyingi namna gani, hana budi kupita kwenye mchujo. Wrexham ilikuwa inaongoza 3–2 wakati Notts County walipopewa penalti katika dakika za nyongeza. Golini alikuwa Ben Foster, aliyekuwa ametimiza miaka 40 wiki moja kabla, mtu ambaye alikuwa amekwisha kustaafu na akarejea mwezi Machi kuisaidia klabu aliyowahi kuichezea kwa mkopo akiwa kijana mwaka 2005. Foster aliupangua mkwaju ule kwa mikono yake, mechi ikaisha kwa ushindi, na tarehe 22 Aprili timu ikaifunga Boreham Wood 3–1 na kurejea katika ligi ya juu yake baada ya miaka 15. Ilimaliza msimu ikiwa na pointi 111, huku Notts County wakimaliza na 107, na nao wakapanda baadaye kupitia mchujo.

Nilikuwa nimeiona video fupi ya mkwaju ule mara nyingi kabla msimu wa pili wa kipindi haujaanza kuonyeshwa Septemba 2023. Hata hivyo, nilipoufikia katika kipindi, mapigo ya moyo wangu yalienda mbio kama ya mtu asiyejua lolote, na kwa muda mrefu nimejiuliza kwa nini. Jibu nililolifikia ni kwamba video fupi ilinipa tukio, na kipindi kilinipa gharama yake. Kufikia dakika ile nilikuwa nimekwisha kuambiwa ni nani waliokaa jukwaani siku ya Grimsby, ni nani aliyekuwa na baba aliyemleta uwanjani kwa mara ya kwanza, na ni nani aliyechangia fedha zake wakati klabu ilipokuwa karibu kufa. Mpira uliokuwa unaelekea golini ulikuwa umebeba watu wote hao. Tangu hapo nimeacha kumwona mtu anayependa marudio ya mechi za zamani kuwa anapoteza muda wake.

Lazima niseme jambo moja kuhusu wamiliki, kwa sababu wengi wanaosikia habari za kipindi hiki hudhani kwamba kinawahusu wao. Reynolds na McElhenney wana mvuto na wana moyo, na sina shaka kwamba bila majina yao hakuna kamera ambayo ingefika pale. Lakini kwa maoni yangu sehemu bora za kipindi ni zile ambazo wao hawaonekani kabisa. Klabu hiyo iliundwa mwaka 1864, na uwanja wake, Racecourse Ground, uliandaa mechi ya kimataifa kati ya Wales na Scotland mwaka 1877, jambo linaloufanya utambuliwe kuwa uwanja wa zamani zaidi duniani ambao bado unatumika kwa mechi za kimataifa. Mwaka 2008 timu ilishuka na kuondoka kabisa katika madaraja manne ya juu. Mwaka 2011, baada ya miaka ya wamiliki walioiacha katika madeni na mashaka, chama cha mashabiki ndicho kilichoichukua na kuiendesha. Waigizaji wale walipokuja mwaka 2020 kuomba wakabidhiwe klabu, walilazimika kujieleza mbele ya mashabiki hao, nao wakapiga kura, asilimia 98.6 wakakubali, na Februari 2021 makabidhiano yakakamilika. Maana yake ni kwamba klabu hii haikuokotwa barabarani ikiwa haina mwenyewe. Walikuwapo watu walioitunza kwa karibu miaka kumi, wakijitolea, na baadaye wakawa na ujasiri wa kuikabidhi kwa wengine. Ujasiri huo wa kukabidhi ndio ulionigusa kuliko hata ule wa kununua, kwa sababu mtu aliyekihangaikia kitu kwa mikono yake huona vigumu mno kukiachia.

Kipindi kilinisukuma pia kusoma, na kusoma kukanipeleka kwenye habari ya mgodi wa Gresford, ambayo sasa siwezi kuitenganisha na timu. Usiku wa kuamkia Jumamosi ya tarehe 22 Septemba 1934, mlipuko ulitokea chini ya ardhi katika mgodi wa makaa ya mawe wa Gresford, jirani na Wrexham, na watu 266 wakapoteza maisha. Waliokuwa chini usiku ule walikuwa wengi kuliko kawaida, kwa sababu baadhi ya wachimbaji walikuwa wamebadilishana zamu au wameunganisha zamu mbili ili alasiri ya Jumamosi hiyo wapate nafasi ya kuitazama Wrexham ikicheza na Tranmere Rovers. Miili ya wengi wao haikutolewa kamwe, kwa kuwa eneo lililolipuka lilizibwa, nao wakabaki humohumo. Niliposoma habari hiyo niliweka kitabu chini na kukaa kimya. Nilikuwa nimezoea kusema, kama wasemavyo mashabiki wote, kwamba mtu yuko tayari kujitoa kwa ajili ya timu yake, bila ya kuyapima maneno hayo. Wanaume wale hawakuwa wanatafuta ushujaa. Walitaka tu alasiri moja ya mpira baada ya juma la kazi ngumu, na waliipanga zamu yao kwa ajili hiyo. Tangu hapo nimekuwa mwangalifu zaidi na lugha yangu ninapozungumzia ushabiki.

Kwa timu ya wanawake nitasema kwa ufupi, ingawa inastahili andiko lake lenyewe. Machi 2023 walicheza Racecourse mbele ya watazamaji 9,511, idadi ambayo mechi ya ligi ya wanawake nchini Wales haikuwahi kuifikia, wakiwa na mshambuliaji Rosie Hughes, aliyekuwa akifunga mabao mfululizo huku kazi yake ya kila siku ikiwa ni uaskari wa magereza. Nilipenda kwamba kipindi hakikumwonyesha kama kivutio cha pembeni. Kilimpa nafasi ya kueleza uchovu wake na furaha yake kwa uzito uleule waliopewa wanaume.

Sasa nije kwenye safari. Wazo la kwenda lilikuwa langu, na niliamini kwamba kaka yangu angelikataa, kwa kuwa yeye ni shabiki wa aina nyingine, mtu wa takwimu na mifumo ya uchezaji, asiye na subira na vipindi vya runinga. Badala ya kukataa, aliniuliza swali ambalo limeongoza maandalizi yetu yote.

“Mdogo wangu,” aliniambia, “wewe umeizoea timu hii ikiwa imekwisha kukatwa na kupangwa. Je, uko tayari kuitazama ikiwa mbichi? Tukisafiri umbali wote huo, kisha mechi ikaisha sare ya bila kufungana, mvua inanyesha, na hakuna muziki wa kukueleza lini uhuzunike na lini ufurahi, utaridhika?”

“Nitaridhika, kaka,” nilimjibu, ingawa nilihitaji siku kadhaa za kufikiri kabla ya jibu hilo kuwa langu kwelikweli.

Swali lake lilikuwa la haki. Katika kipindi, mechi ya dakika 90 huweza kupita kwa dakika tatu au nne, na kilichoachwa nje si kidogo: ni pasi za kurudi nyuma, ni mipira ya kurusha, ni mchezaji aliyelala chini akisubiri daktari, ni nusu saa nzima ambayo hakuna kipa aliyeguswa na shuti. Mhariri amekwisha kuamua kwa niaba yangu ni kipi kina maana. Uwanjani hakuna mhariri. Ni lazima nichague mwenyewe pa kutazama, na huenda nikachagua kumtazama beki wa kushoto wakati bao linafungwa upande mwingine. Ili kujizoeza, nimeanza kutazama mechi nzima za timu hiyo kila zinapopatikana, bila ya kuruka mbele na bila ya simu mkononi, na nimegundua kwamba dakika zile zinazoitwa tupu ndizo zinazoonyesha timu inavyofikiri. Kocha huonekana ndani ya dakika hizo kuliko ndani ya mabao. Kaka yangu alilijua jambo hili siku zote, na nina furaha kwamba nimelifikia nikipitia njia yangu, kama ambavyo yeye, baada ya kunisikiliza kwa muda mrefu, amekubali kutazama msimu wa kwanza wa kipindi na sasa ananiuliza habari za mashabiki kwa majina yao.

Kuna jambo jingine ambalo safari imenifungua macho, nalo linahusu runinga yenyewe. Nchini Uingereza na Wales, kwa utaratibu wa miaka mingi, mechi zinazochezwa Jumamosi kati ya saa tisa kasorobo alasiri na saa kumi na moja na robo jioni kwa kawaida hazionyeshwi moja kwa moja kwenye runinga za huko, ili watu wasiache kwenda viwanjani, hasa viwanja vya timu ndogo. Hivyo mechi ya Jumamosi saa tisa alasiri, ambayo ndiyo saa ya jadi ya kandanda kwao, ni mechi ambayo mkazi wa Wrexham anaiona kwa kwenda mwenyewe au haioni kabisa mpaka baadaye. Nilipofahamu hivyo, nilimwomba kaka yangu tuchague Jumamosi ya saa hiyo, wala tusichague mechi ya usiku katikati ya juma. Nilitaka saa ambayo runinga, iliyonileta mpaka hapo, inanyamaza na kuniachia njia.

Kuchagua saa ni rahisi kuliko kuipata. Ratiba ya ligi hutolewa mwanzoni mwa majira ya joto, lakini tarehe iliyomo si ahadi: kampuni za runinga zikiichagua mechi, huhamishwa siku au saa, na timu ikisonga mbele katika kombe, mechi ya ligi huweza kusukumwa mbele. Kwa sababu hiyo tumejipangia siku za ziada kabla na baada ya mechi, na hatukukata tiketi za ndege zisizobadilishika. Tiketi za uwanjani nazo zina taratibu zake. Racecourse unachukua takriban watu elfu kumi, kwa kuwa jukwaa la zamani la Kop lilibomolewa mwaka 2023 ili lijengwe jipya, na umaarufu wa kipindi umeleta wageni kutoka kila pembe ya dunia. Wanachama waliosajiliwa hupewa kipaumbele, na anayesubiri dakika za mwisho hubaki nje. Tulijiandikisha uanachama mapema, na tuliamua tangu mwanzo kutonunua tiketi kwa mtu yeyote anayeuza pembeni, si kwa kuogopa kudanganywa tu, bali kwa sababu kuuza tiketi za kandanda bila idhini ni kosa la jinai katika sheria ya Uingereza na Wales. Zaidi ya hayo, kila kiti anachokipata mgeni kwa njia ya mlango wa nyuma ni kiti ambacho pengine kingekaliwa na mtu aliyekuwapo siku za daraja la tano, na hilo lingeniumiza.

Usafiri wa mwisho ni mwepesi. Kituo cha treni cha Wrexham General kiko kando kabisa ya uwanja, na anayetokea Chester hufika kwa muda mfupi. Anayetokea upande wa Liverpool anaweza kupitia Bidston. Tumechagua njia ya Chester.

Ninachokitafakari zaidi siku hizi ni kwamba timu tutakayoiona si ile niliyoizoea. Foster alistaafu tena Agosti 2023. Timu ilipanda daraja mwaka 2024, ikapanda tena Aprili 2025 baada ya kuifunga Charlton Athletic 3–0, na kwa kupanda mara tatu mfululizo ilifanya jambo ambalo hakuna klabu iliyowahi kulifanya katika madaraja matano ya juu ya kandanda ya Uingereza. Kila ngazi ilidai wachezaji wapya, na wengi niliowapenda katika misimu ya mwanzo ya kipindi wamekwisha kuondoka. Kwa muda jambo hili lilinisikitisha, mpaka nilipowakumbuka wale mashabiki waliokaa jukwaani miaka yote 15 ya unyonge na kuona mamia ya wachezaji wakija na kupita. Wao hawakuwahi kuuliza kama kikosi kinafanana na cha mwaka uliotangulia kabla ya kuamua kuja. Najiandaa kukaa miongoni mwao kwa adabu ya mgeni: kusikiliza zaidi ya kusema, kujifunza nyimbo zao kabla ya kuziimba, na kutomgeuza mtu yeyote niliyemwona kwenye kipindi kuwa kivutio cha kupiga naye picha, kwa maana wengi wao walikuwa watu wa kawaida kabla kamera hazijafika na bado wana haki ya kuendelea kuwa hivyo.

Tumekubaliana kwamba asubuhi ya siku ya mechi tutakwenda kwanza Gresford, penye kumbukumbu ya wachimbaji iliyojengwa kwa gurudumu la mgodi wenyewe, kisha ndipo tuelekee uwanjani. Tumekubaliana pia kutoondoka usiku huo, hata kama treni zitakuwapo, kwa sababu nataka kuwasikia watu wakiijadili mechi kesho yake, jambo ambalo hakuna kipindi kinachoweza kulionyesha lote. Kaka yangu ameweka sharti moja tu: timu ikifungwa, nisimfariji kwa kumwambia kwamba kipindi kitaisimulia vizuri mwakani. Nimelikubali sharti hilo, na yeye amekubali langu, kwamba vyovyote matokeo yatakavyokuwa, hatutasoma maelezo ya mtu mwingine yeyote kuhusu mechi ile mpaka kila mmoja wetu atakapokuwa amemweleza mwenzake alichokiona.